Samadi, mtama na ng'ombe: jinsi mgeni alivyousoma uchumi wa Wanyaturu

Mgeni anayekuja Singida kuandika juu ya mila za wenyeji ana njia mbili. Ya kwanza ni kufuata yanayoshangaza. Miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ilihangaika na mauaji ya "watu-simba", wauaji waliosemekana kujifanya simba, na nje ya nchi jina la Singida lilitajwa pamoja na habari hiyo. Ya pili ni kukaa kijijini na kufuatilia mambo ambayo wenyeji wenyewe hawaoni kama ni habari: nani kamlimia nani, pombe ya kulipia wakulima imepikwa kwa nani, samadi ya zizi hili imekwenda shamba gani.

Harold K. Schneider, mwanaanthropolojia kutoka Marekani, aliishi kati ya Wanyaturu wa Wahi, huko Singida, mwaka 1959 hadi 1960. Habari ya watu-simba aliiandikia makala mwaka 1962. Lakini kazi yake kubwa, kitabu cha The Wahi Wanyaturu: Economics in an African Society kilichotoka mwaka 1970, ilizaliwa katika njia ya pili. Nataka tuitazame mbinu yake, kwa sababu ilitikisa wazo ambalo wafugaji wetu wamelilipia gharama kubwa.

Wazo lenyewe lilitoka kwa mwalimu wake, Melville Herskovits. Mwaka 1926 Herskovits alichapisha utafiti mrefu juu ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, alioufanya maktabani, bila kukanyaga huku. Alieleza jinsi ng'ombe walivyotawala mila, heshima na ndoa za watu wa ukanda huu kuliko walivyohitajika kwa chakula. Maofisa wa kikoloni walilipokea wazo la namna hiyo kwa mikono miwili. Mfugaji akaonekana mtu wa kupenda wingi bila hesabu, na dawa yake ikawa amri ya kupunguza mifugo.

Schneider alikuwa ameshaanza kutilia shaka jambo hilo Kenya, kwa Wapokot. Mwaka 1957 aliandika kwamba ng'ombe ni chakula chao hasa: maziwa, damu, nyama. Wahi ilimpa kipimo kigumu zaidi, kwa kuwa Wanyaturu ni wakulima wa mtama na uwele wanaofuga pia. Kama ng'ombe wangekuwa pambo tu, basi mkulima ndiye angekuwa wa kwanza kuachana nao.

Hapa ndipo samadi inapoingia, na hapa ndipo kitabu kina uzito. Singida ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, na sehemu kubwa ya udongo wake ni mwepesi na huchoka upesi. Shamba la karibu na kaya likipata samadi hulimwa mwaka hadi mwaka. Lisipopata, mavuno hupungua, na mwenyewe hulazimika kulipumzisha. Kwa hiyo zizi lililojaa ni akiba ya rutuba kabla hata hujakamua maziwa. Asiye na ng'ombe hutafuta wa kuwekewa: anawachunga, anapata maziwa na samadi, ndama wanabaki mali ya mwenyewe. Mwenye mifugo naye ametawanya hatari, maana ugonjwa ukiingia boma moja haumalizi kundi lote.

Fuata nafaka sasa, kama ilivyokuwa siku za Schneider. Aliyevuna ziada haharakishi kuiuza msimu wa mvua nzuri, wakati kila kilindo kimejaa na mtama hauna bei. Anangoja. Mvua zikikatika, wafugaji wasio na nafaka huja wenyewe na mbuzi, na njaa ikizidi huja na mitamba. Mbuzi wakiongezeka hubadilishwa kwa mtamba. Mtamba anazaa, anatoa samadi, na siku moja anatoka kama mahari. Mke anayeingia kwenye kaya anapewa shamba lake, na kwa mikono yake nafaka inaongezeka. Mzunguko umerudi kwenye mtama. Schneider aliufuata hatua kwa hatua, akitazama thamani ya kitu kimoja kwa kingine inavyopanda na kushuka, na kote alikuta watu wanaopima faida na hasara.

Mbinu hiyo inadai subira. Mfugaji hapendi kuulizwa ana ng'ombe wangapi, na ana sababu zake: kodi, wivu, wakwe. Ila ng'ombe mmoja mmoja ana historia. Yule mwekundu alitoka kwa shemeji, yule mwenye baka alinunuliwa kwa mtama mwaka wa njaa. Mgeni anayejua kukaa hadi asimuliwe hayo ana daftari la uchumi wa ukoo mzima.

Kwa kuwaona Wanyaturu kama watu wanaopima faida na hasara, Schneider aliingia kwenye ugomvi mkubwa wa wasomi wa wakati wake. Wafuasi wa mwanahistoria wa uchumi Karl Polanyi walishikilia kwamba kanuni za soko hazifai kueleza jamii za namna hii. Yeye alisema zinafaa, na mwaka 1968 alihariri pamoja na Edward LeClair mkusanyiko wa maandishi juu ya mjadala huo. Naona alikuwa sahihi zaidi kuliko wapinzani wake, ingawa alivuka mpaka kidogo. Mzunguko wake umepigiwa hesabu kutoka mlangoni kwa mume. Mke yumo kama nguvu kazi inayozalisha, lakini hesabu yake mwenyewe, ya chungu, watoto na shamba alilopewa, haipati nafasi sawa. Atakayesoma Schneider asome pia The Long Path ya Marguerite Jellicoe, iliyotoka mwaka 1978, inayowatazama watu hao hao wa Wahi wakipita katika mabadiliko.

Leo Singida inajulikana kwa alizeti, kuku wa kienyeji na asali. Kijana wa chuo anayetafuta mada ya utafiti aende Ikungi au Mkalama akafuate gunia moja la alizeti tangu shambani: limegeuka ada, bati, au mtamba? Na kila mtafiti, mgeni kwa mwenyeji, akimaliza aache nakala ya kazi yake kwenye ofisi ya kijiji alikoketi na kulishwa.