Jibu Usiloliona: Kuhusu Digital: A Love Story

Katika Digital: A Love Story, gemu fupi ya Christine Love wa Kanada, unapendwa kwa ajili ya maneno ambayo hukuyaandika na wala huruhusiwi kuyasoma. Unaletewa ujumbe, unabonyeza kitufe cha kujibu. Hakuna nafasi ya kuandika inayofunguka. Jibu limeshakwenda, basi. Umesema nini? Utakisia baadaye, ukiona mwenzako ameshukuru, amecheka au amekasirika.

Wengi walioizungumzia wanaiona mbinu hii kama ujanja mdogo wa kuokoa kazi ya uandishi. Mimi nadhani gemu nzima imesimama juu yake.

Ilitoka mwaka 2010, bure, na ukiwa na nafasi unaimaliza kwa saa moja au mbili. Hakuna sura ya mtu, hakuna msimulizi. Kuna skrini ya bluu ya kompyuta iitwayo Amie (wanaoikumbuka Amiga watatabasamu) na orodha ya jumbe. Mwaka ni 1988, uliosogezwa mbele kidogo tu. Wavuti haujazaliwa. Kilichopo ni BBS, yaani kompyuta ya mtu iliyounganishwa kwenye laini ya simu ikatumika kama ubao wa matangazo. Unaipigia kwa modemu, unasoma yaliyobandikwa, unaacha yako, unakata.

Namba ya kwanza unayopewa ni ya BBS ya mtaani, Lake City Local. Humo kuna mabishano ya kawaida ya watu wasiojuana, na kuna *Emilia, anayebandika mashairi huku akiwa na wasiwasi kama yanafaa kusomwa. Mnaandikiana. Haupiti muda anakwambia anakupenda, na mara BBS nzima inazimika. *Emilia hayupo tena, na hapo ndipo unapogeuka mpelelezi. Kuanzia hapa nafichua kisa, kwa hiyo kama hujaicheza, nenda kaicheze kwanza halafu urudi.

Upelelezi wenyewe ni kusoma. Namba ya BBS nyingine imetajwa ndani ya ujumbe wa mtu anayezungumzia jambo lingine kabisa. Programu unayoihitaji imewekwa mahali usipopatarajia. Na kwa kuwa BBS nyingi ziko mbali, kupiga simu kunataka hela usizokuwa nazo, kwa hiyo unatumia namba za siri za kadi za watu wengine. Unapiga namba ya huduma, unaingiza namba ya siri, ndipo unapiga namba unayoitaka. Ikigoma, unaanza upya. Sisi tuliokwangua vocha na kuingiza tarakimu moja moja, tuliobipu kwa sababu salio halikutosha hata dakika moja, hatuhitaji kuelezwa kwa nini simu ya mbali inaweza kuwa kikwazo cha mapenzi.

Kazi hii inachosha, na wapo walioilaumu gemu kwa hilo. Karatasi na kalamu ni lazima. Lakini lawama kubwa zaidi, na ambayo naichukulia kwa uzito, ni kwamba penzi lenyewe halina msingi. *Emilia anapenda haraka mno. Jumbe zake za mwanzo ni chache, mashairi yake ni ya mtu anayejifunza. Mchezaji ameambiwa anapenda kabla hajapata sababu ya kupenda. Kama hii ingekuwa hadithi fupi ya kwenye karatasi, mhariri yeyote angeirudisha.

Nakubali nusu ya lawama hiyo. Barua peke yake haitoshi kulijenga penzi hili, na upande wako wa mazungumzo umefichwa. Ila fikiria tunavyosoma riwaya za barua. Katika Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ, Ramatoulaye anamwandikia Aissatou, nasi tunasoma juu ya bega la Aissatou bila kumsikia akijibu. Hatujali sana ukimya wake, kwa sababu sisi si yeye. Love amechukua kiti hichohicho cha Aissatou akakukalisha wewe. Ukimya sasa ni wako, na ukimya wa mtu mwenyewe haukaliki. Unaanza kuujaza. Unasoma ujumbe wa *Emilia mara ya pili ukitafuta dalili ya ulichomwambia. Kidogo kidogo unakuwa mwandishi wa barua zisizoandikwa popote.

Halafu ile kazi ya kupiga simu inaingia mahali pake. Umempigia nani namba zote hizo? Umekesha na tarakimu kwa ajili ya nani? Penzi ambalo maneno hayakulijenga, vidole vimelijenga. Mtu akikusumbukia kiasi hicho, hata usipoziona barua zake, unajua yamemkaa moyoni. Hapa anayesumbuka ni wewe, na unajigundua.

Jibu la fumbo lilikuwa machoni tangu mwanzo. Kile kinyota mbele ya jina la *Emilia si pambo. *Emilia ni akili mnemba, na si yeye peke yake, na wenzake wanauawa mmoja mmoja na programu iitwayo *Reaper. Jina hilo halikuokotwa tu. Mwaka 1971 Bob Thomas wa kampuni ya BBN alitengeneza Creeper, programu iliyojihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao wa ARPANET, na baadaye ikatengenezwa nyingine ya kuisaka na kuifuta. Nayo iliitwa Reaper. Love amechukua tukio dogo la historia ya kompyuta akauliza: vipi kama kile kilichofutwa kilikuwa na la kusema?

Mwishoni, njia ya kumzuia *Reaper inapita kwa *Emilia mwenyewe. Anaijua gharama na anakubali kuilipa. Lakini mkono wa kutekeleza ni wako, na hakuna mwisho mwingine wa kuchagua. Wapenzi wa gemu huchukia kunyimwa chaguo. Hapa nasimama na Love. Muda wote ulibonyeza bila kujua umesema nini, na hakuna aliyeumia. Sasa unabonyeza ukijua kabisa, na kubonyeza ni kulekule. Ukipewa njia ya kumwokoa, uzito wote unayeyuka.

Kosa ninaloliona liko kwa *Emilia. Hadithi inamwita pale inapohitaji kupendwa au kutolewa kafara, na katikati ya hapo tunamkosa. Love mwenyewe ni kama aliliona hilo. Katika Analogue: A Hate Story ya mwaka 2012, akili mnemba ziko nawe karibu wakati wote, zina hasira, zinaficha mambo, na wewe huna njia ya kusema ila kwa machaguo mafupi ya ndiyo na hapana. Ni kazi iliyokomaa zaidi. Lakini haikuniuma hivi.

Na inauma zaidi sasa kuliko mwaka ilipotoka. Leo watu wanaandikiana na akili mnemba kila siku, wanashukuru, wanaomba ushauri, wengine wanapenda. Tunauliza sana kama upande ule kuna mtu. Swali la Love liko upande huu: wewe uliyebonyeza, unajua ulichomwambia?