Mpiga Picha Anayerudi Kesho

Kuna picha moja ya Kibera ambayo kila mtu ameshaipiga. Unasimama juu ya tuta la reli, unaelekeza kamera bondeni, na mabati yenye kutu yanajipanga yenyewe mpaka upeo wa macho. Huhitaji kumsalimu mtu wala kuchafua viatu. Wanahabari wameipiga, watalii wameipiga, na filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005 iliyapeleka mabati hayo kwenye kumbi za sinema za dunia. Picha yenyewe si ya uongo. Ila imepigwa kutoka juu, na mabati hayawezi kumuuliza mpigaji ametoka wapi.

Ninayetaka kumsifu hapa ni mpiga picha wa aina nyingine. Hana kadi ya uanahabari wala mteja anayemngoja. Analala Gatwekera, ndani ya Kibera, au Kawangware upande wa Gatina. Siku za kazi yuko mjengo au anauza mitumba soko la Toi, na Jumapili anatoka na simu, au na kamera kuukuu aliyoinunua kwa kudunduliza, akapige picha kwa kupenda tu. Halipwi. Mama yake anamuuliza kila mara kama atakula picha.

Fundi huyu anajua kitu ambacho vitabu vya upigaji picha havimwambii. Vitabu vingi vimeandikwa kwenye nchi za mbali na ikweta, ambako jua la kiangazi hukawia kuzama na nuru laini hudumu. Nairobi iko nyuzi moja na kitu tu kusini mwa ikweta. Jua linapanda karibu wima, na ile nuru ya dhahabu wanayoimba wapiga picha wote inakaa kama nusu saa hivi, kisha imekwisha. Tena hata hiyo nusu saa haifiki uchochoroni. Vichochoro vya Kibera ni vyembamba, paa la huku karibu linagusa paa la kule, na jua la asubuhi linaishia juu ya mabati huku chini watu wanapiga mswaki gizani.

Kwa hiyo mwenyeji hutumia saa ambazo kitabu kimemkataza. Panapo saa nne hivi mwanga hupenya kwenye ufa kati ya mapaa mawili, ukaanguka ukutani kama kitambaa kilichoanikwa. Jiko la mkaa likiwa linawashwa karibu, moshi unaupa mwanga huo umbo, unauona kabisa ulivyosimama. Saa sita na nusu mchana, wakati vitabu vinasema funga kamera uende zako, jua linashuka moja kwa moja hadi kwenye sakafu ya udongo, hasa mwezi Machi na mwishoni mwa Septemba linapopita utosini. Udongo unaurudisha mwanga juu, taratibu, chini ya kidevu cha mtu aliyeketi mlangoni. Mabati mapya hufanya kazi hiyohiyo vizuri zaidi. Nimeona kijana akimsogeza rafiki yake hatua mbili tu, mpaka mwanga wa bati la jirani ukamjaa usoni, halafu akagusa kioo cha simu pale penye weupe mwingi na kuushusha mwanga kwa kidole mpaka kivuli kikawa kivuli kweli. Hakuna aliyemfundisha shuleni. Ameishi kwenye kichochoro hicho na anajua kila nyumba inapata jua saa ngapi.

Sisemi kwamba mgeni hawezi. Mwaka 2009 msanii wa Kifaransa anayejiita JR alifunika mapaa ya Kibera, mita za mraba zipatazo 2,000, kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa hapo. Alizichapa kwenye turubai lisilopitisha maji, kwa hiyo picha zikawa pia kinga ya mvua. Macho mengine aliyabandika kwenye mabehewa ya treni, na nusu ya chini ya nyuso hizo akaiweka kwenye mabati kando ya tuta. Treni ikipita, kwa kufumba na kufumbua jicho linakutana na tabasamu lake, uso unakamilika, kisha unavunjika tena. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefikiria treni inapita wapi na mvua inavuja wapi. Naiheshimu. Lakini ilikuwa kazi ya kuja, na kuja kuna mwisho wake.

Mwaka mmoja baadaye, 2010, vijana wa Kibera wenyewe walianza kurekodi habari za mtaa kwa kamera ndogo za mkononi, wakajiita Kibera News Network. Brian Otieno, mzaliwa wa Kibera, naye alianzisha KiberaStories akionyesha mtaa wake siku hadi siku. Nikizitazama kazi za namna hii, kinachonivuta ni jinsi watu walivyo ndani ya picha: hawajajikaza. Mtu hujikaza mbele ya asiyemjua.

Ukiomba kupiga picha Makina, hapo Kibera, au Kawangware, jibu la kwanza huwa swali: ya nini? La pili ni kali zaidi: mnatuuza wapi? Watu wamepigwa picha sana, wakaona sura zao zikiomba misaada ambayo hawakuiomba. Siku hizi ipo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na mwaka 2023 mahali pamoja pa starehe Nairobi palitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Vizuri. Ila hiyo ni sheria ya wenye biashara na mawakili. Uchochoroni kuna utaratibu wa zamani kuliko huo: unasalimu, unanunua mandazi, unakaa. Kamera inatoka mwisho. Kuna siku haitoki kabisa, na siku hiyo haijapotea, maana umeshajua jua la hapo.

Kawangware ni mtihani mwingine. Haina bonde la kutazama kutoka juu, haina picha maarufu ya kuigwa, na kwa maoni yangu hiyo ni bahati. Uzuri wake uko chini, na uko jioni. Mvua ikishanyesha, madimbwi kando ya Naivasha Road yanashika taa za vibanda, moto wa mutura na rangi za matatu za njia ya 46. Vijana wanaopenda manyanga, yaani matatu zilizopambwa, wanajua mahali pa kusimama ili gari likikata kona taa zake zimwagike majini. Wanachuchumaa mpaka simu inakaribia kugusa tope. Kwa ustadi huo nawapa heshima kuliko wengi wenye lenzi za bei ya shamba.

Kwenye video wengi huharibu, na huharibu kwa haraka. Wanazungusha simu huku na huku kama wanaotafuta mtu aliyepotea. Anayejua hubana viwiko mbavuni, hukunja magoti kidogo akitembea, na akisimama husimama kweli, anaacha mambo yaingie yenyewe: mkokoteni, mtoto na mtungi, bodaboda. Na anasikiliza. Simu hupokea upepo kwa pupa, kwa hiyo yeye hugeuza mgongo upepo unakotoka na kukinga maikrofoni kwa kiganja. Video ya fundi wa kuchomelea isiyo na ule mlio wa cheche ni nusu ya video.

Mohamed Amin, mzaliwa wa Eastleigh ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alianza utotoni na kamera ya Box Brownie iliyokwisha kutumika. Akiwa bado mwanafunzi alipiga picha magari ya Safari Rally. Watu hupenda kutaja hili wakimtia moyo kijana, kana kwamba hobi ni foleni ya kuingia kwenye ajira. Mimi silitaji kwa sababu hiyo. Wengi wa hawa wa Jumapili hawatakuwa Amin, na hawajutii.

Kitu pekee ninachowasihi ni kuchapisha picha kwenye karatasi. Picha ikibaki kwenye simu huibwa pamoja na simu. Kawangware kuna shosho anayekata sukuma wiki nyembamba kama uzi, kisu kikienda naye akiongea na wateja bila kutazama vidole. Nilimpiga picha, nikampelekea ya saizi ya kadi ya posta. Akafuta mikono kwenye leso, akaitazama muda mrefu, akaniambia kilemba kimekaa upande na nirudi Jumamosi, atakuwa amejifunga vizuri.