Kanuni za Mbeere Ndani ya Mashine

Mbeere, upande mkavu wa Kaunti ya Embu, mkulima wa ndengu na mtama hapandi kwa kufuata kalenda peke yake. Huangalia miti inavyochanua, ndege wanavyopita, upepo unakotoka. Huko ndiko Muthoni Masinde na Antoine Bagula walikoujaribu ITIKI, mfumo wa kutabiri ukame walioueleza mwanzoni mwa miaka ya 2010. Vihisi visivyo na waya vilipima hali ya hewa, na maarifa ya wenyeji yakakusanywa kwa simu za mkononi.

Ugumu wa kazi hii haukuwa kwenye injini ya kufikiri, sehemu ya programu inayotumia kanuni kufikia uamuzi. Injini zilikuwepo zamani. Mwaka 2018 Adeyinka Akanbi na Masinde walipochapisha mfumo wa kutabiri ukame kwa kanuni, walitumia JESS, lugha iliyofuata nyayo za CLIPS ya NASA. Mzunguko wake ni mfupi: soma hali, tafuta kanuni ambazo masharti yake yametimia, chagua moja, itekeleze, rudia. Shakey, roboti ya California, iliendeshwa kwa mantiki ya jamaa hiyo kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini ilitembea katika vyumba vilivyoandaliwa makusudi, masanduku yakiwa yamepakwa rangi ili kamera iyatambue. Mbeere hakuna wa kuupaka mgunga rangi. Kihisi cha bei nafuu hakijui kwamba ua limechanua, kwa hiyo ITIKI ikamwacha binadamu awe kihisi.

Binadamu naye ana shaka, ndiyo maana mfumo wa 2018 uliambatanisha ushauri wake na kiwango cha uhakika. Tuseme mti unatoa 0.6 na ndege 0.5. Kwa hesabu ya MYCIN, mfumo wa kitabibu wa Stanford wa miaka ya 1970, jumla ni 0.6 + 0.5 × (1 − 0.6), yaani 0.8. Ni hesabu nzuri, mradi dalili zisitegemeane. Majirani wawili wakiripoti mti uleule, mashine itapata uhakika ambao shambani haupo.

Kosa hilo kwenye ujumbe wa simu linavumilika. Likifika kwenye vali ya umwagiliaji wa matone, maji yameshamwagika. Hapo kanuni zinazoendesha vifaa zinahitaji adabu nyingine. Tuseme vali inafunguka unyevu wa udongo ukishuka chini ya asilimia 20. Basi ifungwe ukipita 28, si 20 ileile, la sivyo itafunguka na kufungika mchana kutwa hadi betri iishe. Na kanuni ya kulinda tangi lililokaribia kukauka lazima iishinde ile ya kumwagilia, hata zote mbili zikiwa zimetimia. JESS huuandika ukuu huo kwa namba, na namba hiyo aitoe mwenye tangi, si mwandishi wa programu aliyeko Nairobi.