Haramia Hana Kofia: Kuusoma Mchezo wa Hazina Ufuoni mwa Ziwa

Mwezi uliopita marafiki zangu watatu wa hapa Kisumu walitunga mchezo wa kusaka hazina. Siku mbili, vituo saba, simu yenye GPS mkononi, kuanzia mnara wa saa katikati ya mji hadi kisiwa cha Rusinga. Mada waliyochagua ni maharamia: bendera nyeusi yenye fuvu, ramani iliyounguzwa kingo kwa kiberiti, na barua za nahodha wa kubuni anayechekelea kila boti aliyoipora. Tulicheza watu kumi na wanne. Niliupenda mchezo. Na bado nina kesi nao.

Kwanza tuelewane ni mchezo gani huu. Duniani unaitwa jiokashingi. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliondoa kosa la makusudi lililokuwa likipotosha GPS ya raia, na ghafla kifaa cha kawaida kikaweza kukuonyesha mahali ulipo kwa uhakika wa mita chache. Kesho yake, Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi ya plastiki msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, kisha akaweka namba za mahali hapo kwenye intaneti. Ndani kulikuwa na daftari, penseli na vitu vidogo vidogo, hata mkebe wa maharagwe. Sharti lilikuwa fupi: ukichukua kitu, acha kitu. Shika hilo sharti, nitalihitaji baadaye.

Utauliza, sasa mchezo wa wikendi unahakikiwa vipi kwenye jarida la fasihi? Jibu langu ni kwamba hii ni hadithi kama hadithi nyingine. Ina msimulizi, ina mpangilio wa matukio, ina mambo yanayofichwa ili yafichuliwe kwa wakati wake. Tofauti ni kwamba kurasa zake zimetawanywa mjini na msomaji anazifungua kwa miguu. Halafu asili ya haramia huyu tunayemjua, mwenye ramani na sanduku, ni kitabu. Robert Louis Stevenson alitoa Treasure Island kama kitabu mwaka 1883, na tafsiri ya Kiswahili, Kisiwa chenye Hazina, ikatoka 1929. Kwa hiyo haramia wa Stevenson amekuwa akiongea Kiswahili kwa karibu miaka mia moja. Si mgeni kwetu hata kidogo.

Kitabu hicho kilianza na ramani. Mwaka 1881, kwenye likizo ya mvua huko Braemar, Scotland, Stevenson alichora kisiwa akiwa na mwanawe wa kambo, na watu wa hadithi wakajitokeza kutoka kwenye zile ghuba na vilima alivyokuwa amevichora. Baadaye ramani ilipotea ikipelekwa kwa mchapishaji. Ikabidi aisome hadithi yake mwenyewe na kuchora nyingine inayolingana nayo, na ile ya pili haikumridhisha kamwe. Mimi naisoma stori hiyo kama kipimo. Mahali pakitangulia, fumbo linatoka ndani yake. Fumbo likitangulia, mahali panakuwa pazia tu la nyuma.

Kwa kipimo hicho, barua ya kwanza tuliyotumiwa kwenye simu ilianguka. Ilikuwa mwandiko wa siri ambapo kila herufi imesogezwa hatua tatu mbele, A inakuwa D, B inakuwa E. Msee yeyote aliyejilaza kwenye kochi lake Rongai angeutegua kabla chai haijapoa. Kisumu haikuhitajika. Ungeweza kuutumia mwandiko uleule Kigali au Leicester bila kubadilisha chochote.

Kituo cha pili ndicho kilinishika. Dokezo lilisema: “Tafuta mwaka ambao nusu yake ya pili ni mara mbili ya nusu ya kwanza.” Unafika kwenye mnara wa saa wa Oginga Odinga Street, ule ambao sisi wote tunaupita juu ya boda kila siku bila kuinua macho, na unalazimika kusimama kusoma bamba. Unakutana na jina la Kassim Lakha, ambaye mnara ulijengwa kwa kumbukumbu yake, na unakutana na mwaka wa kuzinduliwa: 1938. Kumi na tisa, thelathini na nane. Nilimwona dada mmoja, mzaliwa wa Manyatta, akisoma bamba lile kwa sauti kama mtu aliyepata barua ya kwao. Fumbo limefanya kazi pale. Limemfanya mwenyeji asome mji wake.

La tatu lilikuwa bora zaidi. Kisumu iko karibu mno na Ikweta, kama dakika sita tu za latitudo upande wa kusini, na dakika moja ya latitudo ni kama kilomita 1.85. Watunzi walitupa namba kamili lakini wakafuta neno moja: Kusini au Kaskazini? Ukibahatisha vibaya, namba zilezile zinakurusha kilomita 22 hivi, hadi vilima vya Vihiga karibu na Mbale. Haramia mzima, upande wa pili wa Ikweta, ziwa liko mbali huko chini. Kuna timu ilikuwa tayari imekaa kwenye matatu ndipo mmoja wao akashtuka. Fumbo hili haliwezi kuhamishwa. Ukilifanya Mombasa, neno hilo moja litakupeleka Ethiopia, na hapo hakuna atakayedanganyika. Linafanya kazi hapa kwa sababu ya hapa.

Niwasifu pia kwa kulijua ziwa. Katika hadithi za maharamia alama ya X huwekwa ardhini na ardhi inatulia kungoja. Ziwa letu halina tabia hiyo. Mwaka 2020 maji yalipanda yakameza sehemu za ufuo ambazo watu walidhani ni nchi kavu ya milele. Magugu maji nayo husukumwa na upepo. Asubuhi ghuba ni ya buluu, jioni ni shamba. Ndiyo maana kule Dunga kisanduku kilifungwa juu ya mti, mbali na mafunjo, na sheria iliandikwa kwa herufi kubwa: jua likianza kuteremka, kila mtu aondoke kando ya maji. Viboko hawajui kama uko kwenye mchezo.

Sasa tufike kwenye kesi.

Pale Dunga, mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alituuliza tunatafuta nini. Mwenzetu mmoja, kitambaa cheusi jichoni, akamjibu kwa furaha, “Sisi ni maharamia, mzee.” Mzee hakucheka. Alitutazama mmoja mmoja, akarudi kwenye nyavu zake.

Watunzi walidhani wameazima vazi la sinema. Lakini neno lenyewe halikubali hilo vazi. Haramia lina asili moja na haramu. Kwa Kiswahili haramia hana kofia yenye manyoya wala kasuku begani. Ni mnyang'anyi, basi, awe wa barabarani au wa majini. Na kwenye ziwa hili yuko kazini hadi leo. Mjomba wangu, Nera kama tunavyomwita nyumbani, alikuwa akivua upande wa Mfangano usiku mmoja, boti nyingine ikawasogelea bila taa. Wakachukua injini, nyavu na simu, kisha wakawaacha yeye na wenzake watatu wakielea mpaka asubuhi. Alirudi mzima, tunashukuru. Ila injini ya boti si kitu cha kurudisha kwa mkopo wa simu. Ilimchukua muda mrefu akivua kwa boti za watu, yeye aliyekuwa na boti yake. Muulize mvuvi yeyote kuanzia Usenge hadi Muhuru Bay, hatakosa stori yake. Hata katika mvutano wa Kenya na Uganda kuhusu Migingo, mwamba usiofika nusu ya uwanja wa mpira, neno haramia limekuwa likitajwa kila hoja ya ulinzi inapoletwa.

Basi tuache kucheza? Hapana. Watoto wa ufuoni wenyewe hucheza polisi na mwizi. Ninachosema ni kwamba mtunzi akiweka neno kwenye hadithi, aliweke pamoja na uzito wake. Nahodha wa barua zile anapora na kucheka, na sisi wachezaji tunamfuata nyuma tukiokota alichoacha. Hakuna hata barua moja ya aliyeporwa. Kwa mhakiki hilo ni pengo la usimulizi, mbali na suala la adabu: hadithi ya wizi isiyo na aliyeibiwa ni nusu ya hadithi.

Neno la pili, hazina, nalo lina ukaidi wake. Mwambie Mkenya “hazina” na nusu ya watu watafikiria lile jengo la Nairobi na kodi zao. Lakini ziwa lina hadithi yake ya hazina, tena ya zamani kuliko nahodha yeyote. Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi maskini, alivuta wavu wake akakuta ndani yake mwanamke mzee. Akamchukua nyumbani, na baada yake ikaja mifugo, ikaja mali, wakaja wake wengine. Utajiri ukamlevya, akamtusi yule mama. Mama akaondoka bila kelele, akatembea kurudi ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata majini. Nyamgondho akabaki ameegemea fimbo yake akitazama, na huko Nyandhiwa, Gwassi, wenyeji wanakuonyesha mti wanaosema ndiye yeye.

Hebu itazame hadithi hiyo kwa jicho la mtunzi wa mchezo. Kuna chombo kinachofichua hazina, wavu. Kuna sharti, heshima. Kuna adhabu, nayo ni kwamba hazina inajirudisha ilikotoka. Linganisha na sharti la Ulmer: ukichukua kitu, acha kitu. Yanakaribiana kuliko yanavyokaribiana na maharamia. Ukiangalia vizuri, jiokashingi na uharamia ni mahasimu. Mmoja anaishi kwa kuchukua bila kuacha, mwingine unakufa papo hapo watu wakifanya hivyo. Kisanduku chetu cha mwisho, Rusinga, kilikuwa na chokoleti zilizofungwa karatasi za dhahabu. Tulizila zote. Hakukuwa na daftari, na hakuna aliyeombwa kuacha chochote. Mada ilikuwa imekula mchezo.

Ajabu ni kwamba fumbo zuri kuliko yote lilikuwa kituo kimoja tu kabla ya chokoleti hizo. Usiku, tukiwa juu ya kilima cha Rusinga, simu zikalia kwa ujumbe: “Kitendawili! Nina mji wangu, usiku una taa, asubuhi hauna hata kibanda.” Hakuna aliyekuwa na jibu mpaka tulipogeuka na kuyatazama maji. Giza halikuwa na mwezi, na kule mbali wavuvi wa omena walikuwa wamewasha taa zao, mamia, mstari kwa mstari, kama Kisumu ya pili. Hakuna fuvu pale, hakuna upanga wa plastiki. Kulikuwa na watu kazini, kwenye maji yaleyale ambamo haramia wa kweli huzima taa yake.

Na kitendawili kina kanuni ambayo watunzi hawakuitumia. Ukishindwa unaombwa mji. “Nipe mji.” Unampa, labda Mombasa, naye anausafiri kwa maneno kabla ya kukufungulia jibu. Yaani katika desturi ya Kiswahili fumbo na mahali vimefungwa pamoja tangu zamani. Asiyejua hulipa kwa mahali. Katika mchezo wetu aliyeshindwa alikatwa dakika kumi. Si afadhali angetoa mji? Ataje ufuo mmoja anaoujua, aeleze njia ya kufika, na kituo cha mchezo ujao kiwekwe huko. Kushindwa kwake kungeongeza ramani.

Watunzi wanataka kuurudia mchezo Desemba, na hii ndiyo hukumu yangu. Mnara wa saa ubaki, Ikweta ibaki, kitendawili cha taa kibaki. Mwandiko wa siri utupwe. Kwenye kisanduku cha mwisho liwekwe daftari, na kila mchezaji aje na kifundo cha uzi wa nyavu, akiache kwa wenye ufuo, aandike jina lake na la boti aliyoiona siku hiyo. Na kabla ya lolote, waende Dunga wakakae na wazee wa nyavu, wawaulize ni hadithi gani inaweza kuchezwa na ipi iachwe.

Nahodha naye, kama lazima awepo, asakwe yeye. Barua ya kwanza iandikwe na mvuvi aliyeachwa akielea mpaka asubuhi, anayetafuta injini yake. Hiyo nitalipa kiingilio siku ya kwanza, na nitamwalika Nera.