Mvukuto wa Gonzaga

Kodiani tuliyokua nayo sisi watu wa pwani hukaa ndani ya kundi. Katika taarabu ya Unguja huenda sambamba na fidla, huujibu wimbo pale mwimbaji anapovuta pumzi, na mpigaji wake ametulia kitini, vidole vya mkono wa kulia ndivyo vinavyosema. Ndiyo maana siku nilipomsikia Luiz Gonzaga wa Brazili kwa mara ya kwanza, katika kanda aliyotuachia baharia mmoja jirani yetu, nilidhani hii ni ala nyingine kabisa. Kodiani ilikuwa inahema. Miaka zaidi ya 30 imepita tangu siku ile, na sijachoka kumsikiliza, kwa sababu nilitaka kujua pumzi ile inatoka wapi.

Inatoka kwa baba yake. Gonzaga alizaliwa tarehe 13 Desemba 1912 karibu na mji wa Exu, jimbo la Pernambuco, ndani ya sertão, bara kavu la kaskazini-mashariki mwa Brazili, nchi ya miiba, ng'ombe na mvua za kubahatisha. Baba, Januário, alikuwa mkulima, lakini watu walimfuata kwa mambo mawili mengine: kupiga kodiani kwenye ngoma zao, na kuzitengeneza zilizoharibika. Huko kodiani huitwa sanfona. Ya Januário ilikuwa ndogo, ya besi nane tu.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana siri yote imo humu. Ndani ya kodiani mna ndimi nyembamba za chuma, kila moja imekazwa upande mmoja juu ya tundu lake. Hewa ya mvukuto ikipita, ulimi hutetemeka na kulia. Fundi akitaka kupandisha sauti huukwangua ulimi kwenye ncha. Akitaka kuishusha hukwangua karibu na shina. Tupa ikizidi kidogo, sauti imeshapita mahali pake. Mtoto Luiz alikulia pembeni ya kazi hiyo, akiokota sanfona za watu na kuzijaribu. Kabla hajawa mpigaji, masikio yake yalishajua ulimi uliopona na ulimi ambao bado unaumwa.

Sasa ile sanfona ya besi nane ina tabia yake. Kitufe kimoja hutoa sauti mbili: ukisukuma mvukuto, moja, ukivuta, nyingine. Mpigaji basi hana hiari. Lahani ndiyo inayouamuru mvukuto, na lahani ya kuchezesha watu hugeuka kila mara, kwa hiyo mkono wa kushoto haupumziki: sukuma, vuta, sukuma, vuta. Mdundo huzaliwa humo humo, hata kabla ngoma haijapigwa. Kodiani kubwa yenye funguo za kinanda haina sharti hilo. Ufunguo hutoa sauti ileile, uvute au usukume. Mpigaji anaweza kuufungua mvukuto polepole mpaka mwisho, kisha akaurudisha kwa starehe, na ndivyo inavyofaa kwa walzi.

Gonzaga aliondoka nyumbani mwaka 1930 akiwa kijana wa miaka 17, baada ya kisa cha mapenzi na kipigo cha wazazi, akajiunga na jeshi. Huko alipuliza tarumbeta hata akapewa jina la Mdomo wa Chuma. Alipotoka jeshini mwaka 1939 alibaki Rio de Janeiro, akipiga kodiani kwenye baa za mtaa wa Mangue. Alipiga walzi, tango, fado, chochote wateja walichotaka. Muziki wa sanfona ya baba aliuficha. Ni wanafunzi kutoka Ceará, watoto wa ukame kama yeye, waliomkalia kooni wakitaka kitu cha kwao. Akawapigia Vira e Mexe, baa ikalipuka. Wimbo huohuo ulimpa alama za juu kabisa kwenye mashindano ya redio ya Ary Barroso, na mwaka 1941 RCA Victor ikautia kwenye santuri.

Huo ndio wimbo ninaourudia zaidi kuliko wote. Hauna maneno. Ni kodiani ya funguo za kinanda, ala isiyomlazimisha mtu kugeuza mvukuto, na Gonzaga anaugeuza kila mahali. Anautikisa kwa mageuzi mafupi ambayo vidole havikuyaomba. Mkono wa kulia unakimbia kama mtu anayejua njia, na mkono wa kushoto unafanya kazi ya besi nane za Januário. Kwa masikio yangu, ufundi wake mkubwa ni huo: aliifundisha ala ya mjini kuhema kama ile ndogo ya kijijini. Kasi ya vidole wengi wanayo.

Mengine yalifuata. Kampuni ya santuri haikuitaka sauti yake, na ilichukua hadi 1945 kumruhusu kuimba. Mwaka 1946 ukaja wimbo wa Baião, alioutunga na Humberto Teixeira, na 1947 Asa Branca, kilio cha mtu anayehamishwa na ukame baada ya hata njiwa kuhama. Mkulima wa Dodoma angeuelewa bila mkalimani. Kando ya kodiani aliweka zabumba, ngoma nene ya chini, na pembetatu ya chuma inayolia juu. Akavaa kofia ya ngozi ya watu wa sertão, ili asiyemjua amjue ni wa wapi.

Mwaka huohuo wa 1946 alirudi Exu, baada ya miaka 16, na kodiani yake kubwa ya kifahari. Wazee wa pale walimkumbusha kwamba Januário, na besi zake nane, bado ndiye bwana. Mwingine angekasirika. Gonzaga na Teixeira wakaugeuza ushauri huo kuwa wimbo, Respeita Januário, ukatoka 1950, na Brazili nzima ikafundishwa kumheshimu fundi wa kijijini ambaye mwanawe alikuwa maarufu kuliko yeye.

Mapenzi yangu kwa Gonzaga ni ya mtu wa mbali. Aliyempenda kwa mikono ni Dominguinhos. Alizaliwa Garanhuns, Pernambuco hiyohiyo, mwaka 1941, na baba yake naye alikuwa mpigaji na mtengenezaji wa sanfona za besi nane. Alipokuwa mtoto akipiga na ndugu zake mlangoni mwa hoteli, Gonzaga aliwasikia, akawapa pesa na anwani yake ya Rio. Mwaka 1954 familia ilisafiri siku 11 juu ya lori hadi huko, wakamtafuta, naye akampa kijana kodiani. Baadaye Dominguinhos alimwendeshea gari Gonzaga katika safari zake na kupiga kando yake jukwaani.

Nawapenda wote wawili, lakini hawalingani, na hilo ndilo linalonifurahisha. Dominguinhos ana mkono laini, anaujaza wimbo sauti nyingi zilizopangana, anakaa juu ya noti moja mpaka uwaze ulichopoteza. Lakini msikilize akifika mahali pa kuchezesha watu. Mkono wa kushoto unaanza: sukuma, vuta, sukuma. Gonzaga alifariki Recife tarehe 2 Agosti 1989, na kwa miaka 24 iliyofuata, mpaka naye alipofariki Julai 2013, Dominguinhos aliendelea kuzipiga nyimbo za mzee wake.

Ukiipata Vira e Mexe, isikilize mara mbili. Mara ya kwanza fuata vidole, maana vitakuvuta utake usitake. Mara ya pili viache vipite, usikilize mvukuto peke yake.