Matao matatu ramanini

Ukitaka kumpima afisa wa zamu, iache rada yake, tazama alichochora ramanini. Akiwa ametegemea pembe za rada, mtilie shaka. Mwale wa rada una upana wa nyuzi moja hivi au mbili, kwa hiyo kila rasi huonekana imenenepa kushoto na kulia. Umbali hausumbuki hivyo: Shirika la Kimataifa la Bahari hutaka kosa lisizidi mita 30, au asilimia 1 ya masafa yaliyowekwa ikiwa hiyo ndiyo kubwa zaidi. Kwa hiyo mjuzi hupima umbali wa vitu vitatu, akachora matao matatu yanayokutana ilipo meli.

Lakini vitu gani? Hapo ndipo pwani yetu inapoumbua watu. Ufuo wa mchanga haurudishi mwangwi wa maana. Kinachong'aa kwenye skrini huenda ni minazi au hoteli iliyo nyuma yake. Maji ya bamvua nayo, hapa Dar es Salaam na Unguja, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ukingo wa maji ukahama. Mjuzi hutafuta genge la matumbawe lililosimama wima, au ncha ya gati. Boya silipendi, kwani nanga yake huburuzika.

Duara la kupimia liguse ukingo wa mwangwi ulio upande wa meli, si katikati yake. Cha ubavuni kipimwe kwanza, cha omo au tezi mwisho, saa iandikwe papo hapo: kwa mwendo wa maili 15 za bahari kwa saa, dakika moja ya kuzubaa ni mita 460. Bikari ifunguliwe kwenye kipimo cha latitudo, pembeni mwa ramani.

Sasa kile kipembetatu kinachobaki matao yanapokutana. Wengi hukisifu kikiwa kidogo. Mimi huuliza kwanza vitu vitatu vilikuwa pande zipi. Vikiwa vyote upande mmoja, rada yenye kosa inaweza kukupa makutano mazuri mahali pasipo. Vikiizunguka meli, kosa hujianika. Aliyeiva huongeza au hupunguza kiasi kilekile kwenye matao yote hadi yakutane, kisha hulinganisha kina cha ramani, pamoja na maji yaliyojaa, na kinachosomwa chini ya meli. Akiliandika kosa hilo la rada kwenye daftari ili anayempokea zamu alijue, mwachie meli ukalale.