Gumba la Mukabi na Gitaa la Lennon

Gitaa la kwanza la John Lennon lilitoka Afrika. Lilikuwa dogo, robo tatu ya gitaa la kawaida, aina ya Gallotone Champion, lililoundwa Afrika Kusini na kampuni ya Gallo na kuagizwa kwa posta kwa pauni 10 hivi. Ndani ya tundu lake palibandikwa karatasi yenye hakikisho kwamba mbao hazitapasuka. Ndilo alilobeba tarehe 6 Julai 1957 kwenye sherehe ya kanisa kule Woolton, Liverpool, siku aliyokutana na Paul McCartney. Mwaka 1999 lilipigwa mnada kwa zaidi ya pauni 100,000.

Nampenda Lennon, na hapa Kiminini siko peke yangu. Kinachonishika zaidi katika habari hii, hata hivyo, ni jina la Gallo. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotoa santuri za Mwenda Jean Bosco, fundi wa Katanga aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Wimbo wake Masanga ulisafiri kote Afrika Mashariki, na mwaka 1959 Bosco mwenyewe alikaa Nairobi kwa miezi kadhaa. Wapiga gitaa wa Magharibi mwa Kenya walimsikiliza, wakachukua walichokitaka na kukigeuza kiwe chao. Aliyekigeuza vizuri kuliko wote, kwa masikio yangu, ni George Mukabi wa Kisa. Mtindo wake huitwa omutibo, na nyimbo kama Sengula na Mtoto si Nguo bado zinachezwa ingawa mwenyewe aliuawa mwaka 1963.

Swali la fundi ni hili: sauti ile ya Mukabi ilipatikanaje kwa gitaa kavu la bei ya chini?

Mbao zina sehemu yake. Gitaa ambalo halipasuki huwa ni la plaiwudi, kwa sababu ubao mmoja mzima hunywea kiangazi na kufura masika, mpaka siku moja ukaachia ufa. Yeyote aliyehifadhi gitaa Kitale kuanzia Januari hadi mvua za Aprili anajua ninachosema. Plaiwudi ni ngumu na nzito, haitetemi kwa urahisi, kwa hiyo noti hutoka kavu na kufa upesi. Kwa mtu anayepiga polepole huo ni upungufu. Kwa omutibo ni faida, kwa kuwa noti zinakuja nyingi na kwa kasi. Kila moja ikivuma kwa muda mrefu, wimbo mzima unageuka uji.

Kazi kubwa iko mkono wa kulia. Bosco alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na Magharibi mwa Kenya njia ikabaki hiyo. Shika C. Gumba linagonga uzi wa tano, linaruka hadi wa nne, linarudi wa tano au linashuka wa sita, bila kusimama na bila kuharakisha. Hilo ndilo besi na ndilo saa. Kidole cha shahada kinabaki na nyuzi tatu nyembamba, na huko ndiko wimbo uliko. Mara kinaangukia pamoja na gumba, mara kinaingia katikati ya mapigo mawili, na mara kinakaa kimya wakati gumba linaendelea. Sikio la msikilizaji hupanga sauti nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, likaapa kwamba wanaopiga ni wawili.

Makosa ya wanafunzi wengi huanzia hapo. Kidole cha shahada kikikawia, gumba nalo linakawia kukisubiri. Kwa Mukabi halikuwa hivyo kamwe. Sikiliza anapoingia kuimba: gitaa halizami kuwa kelele ya nyuma, gumba linaendelea vilevile, na ubeti ukiisha kidole cha shahada kinajibu kwa sauti karibu sawa na aliyoimba. Kuimba na kupiga hivyo kwa wakati mmoja ni kazi ngumu kuliko solo nyingi za roki ninazozipenda.

Lennon naye alifika huko, ila kwa kuchelewa. Mamake alimfundisha kwanza kwa mishiko ya banjo, na kwa miaka mingi alichapa nyuzi kwa kipande cha plastiki. Ilikuwa mwaka 1968, kule Rishikesh nchini India, ndipo mwimbaji Donovan alipomwonyesha jinsi gumba linavyopokezana kati ya nyuzi za besi. Matunda yake ni Dear Prudence na Julia. Miaka 16 ilikuwa imepita tangu Bosco arekodi Masanga.

Wapigaji wengi wa omutibo waliweka penseli juu ya nyuzi na kuifunga kwa mpira nyuma ya shingo ya gitaa. Hiyo ndiyo kapo. Inapandisha sauti ilingane na koo la mwimbaji huku mishiko ikibaki ileile rahisi, yenye nyuzi wazi zinazolia zenyewe. Uzi uliofupishwa pia hulia kwa ukali unaopenya kelele za watu sherehe inapochangamka.

Halafu kuna chupa. Shem Tube na wenzake wa kundi la Abana ba Nasery, kutoka Bunyore, walitumia chupa ya Fanta ya zamani, ile yenye mistari ubavuni. Mmoja wao aliikwaruza kwa chuma. Sauti ya chupa ni ya juu sana, haigombani na besi ya gumba wala na koo za waimbaji watatu, na inajaza nafasi ndogo kati ya noti ambazo gitaa linaziacha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walirekodi London wakiwa na chupa yao vilevile.

Mtu wa Bungoma akisikia haya yote hatashangaa sana. Mpiga litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, hugawanya nyuzi zake kati ya mikono miwili, akazungusha kifungu kimoja kifupi chini ya maneno kwa muda mrefu, na kukibadilisha kidogo tu pale anapotaka msikilizaji ainue kichwa. Naamini sikio lililolelewa na nyuzi saba za litungu lilikuwa limeshajiandaa kwa omutibo kabla gitaa halijafika.

Magitaa ya umeme yalipoingia, bendi ziligawa kazi: besi ikapewa mtu wake, solo mtu wake. Benga ikapata nguvu kubwa kwa mgawanyo huo, lakini gumba likakosa kazi. Johnstone Ouko Mukabi, mwanawe George, ni miongoni mwa waliolirudisha kazini. Vijana wetu wanaojifunza kwa kuiga solo za benga wana kidole cha shahada chepesi ajabu, ila gumba linajikokota. Kwao ningeanza hivi: C, F na G, gumba peke yake, wiki nzima, huku wanaimba wimbo wote hadi mwisho. Gumba likiweza kuendelea hata mwimbaji anapovuta pumzi, ndipo kidole cha pili kiruhusiwe kugusa uzi.